Nilidhani koki imeachia, kumbe sinki ndo limeziba

Mi ni fundi bomba, niko Dodoma, na toka serikali ilivyotangaza 2016 kwamba inahamia huku kazi hazijakauka, kila mtaa kuna nyumba inapanda na kila nyumba inataka choo cha ndani na simtanki juu. Naanza na hilo ili ujue anayekusimulia habari za macho sio daktari, ni mtu wa koki na chemba, na ndo maana hii ishu iliniuma kuliko kawaida, maana kilichokuwa kinamsumbua binti yangu ni kitu kile kile ninacholipwa kukitengeneza kila siku, kilikaa mbele yangu miezi miwili na nusu na sikukiona.

Alizaliwa salama, wakampaka ile dawa ya tyubu machoni kama wanavyopakwa watoto wote wakizaliwa, tukarudi nyumbani. Wiki mbili za kwanza alikuwa akilia analia kavu, sauti ipo ya kuamsha mtaa lakini chozi hakuna. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Kongwa kumwangalia mzazi, akasema mtoto mchanga hana machozi, msishangae, na hilo alikuwa sahihi kabisa, tezi za machozi za mtoto zinafanya kazi kidogo tu ya kulainisha jicho, machozi ya kulia yanakuja baada ya wiki kadhaa.

Wiki ya tatu jicho la kushoto likaanza kulengalenga. Sio kwamba analia, yaani amelala zake au anachezeshwa lakini jicho limejaa, chozi limesimama ukingoni kama maji kwenye ndoo iliyofurika, afu linashuka shavuni taratibu. Asubuhi akiamka kope zimeganda kwa matongotongo ya njano, mpaka mama yake azilainishe kwa maji ya uvuguvugu ndo afumbue. La kulia halina shida yoyote, linang'aa. Na hata lile la kushoto kwenyewe, ukishalisafisha, weupe wake ni mweupe, halijawa jekundu wala halijavimba. Hilo la weupe wakati ule sikulitilia maanani, nikaja kuulizwa baadae.

Sasa hapo kila mtu akawa dokta. Mama mkwe akasema mkamulie maziwa ya mama jichoni, akakamuliwa. Jirani mmoja akasema hiki ni kijicho, mtoto mzuri mnamtembeza tembeza bila kumkinga, mpakeni wanja. (Wanja tulikataa, tena nashukuru, maana baadae niliambiwa baadhi ya wanja una risasi ndani yake, ile madini ya risasi, na mwili wa mtoto unainyonya vibaya.) Mimi sikubishana na mtu, nikajiona ndo msomi wa nyumba, nikaenda duka la dawa nikasema nataka dawa ya macho mtoto anatoa tongotongo. Sikuulizwa ana umri gani wala ilianza lini, nikapewa kachupa kenye maandishi madogo kuliko miguu ya sisimizi, nikalipa nikaondoka. Simlaumu muuzaji peke yake, ningeulizwa maswali mengi ningeona ananichelewesha.

Mawazo yangu yalikuwa hivi: jicho linamwaga maji, basi maji yanatoka mengi kuliko inavyotakiwa, tafuta kitu cha kuyakausha. Fundi mzima.

Kachupa kakafanya kazi siku mbili tatu, tongotongo zikapungua, tukaacha, zikarudi. Tukaweka tena, zikapungua, tukaacha, zikarudi. Na kwa kuwa kako pale dirishani kila mtu akakaona ni ka nyumba. Mi jioni nikitoka saiti macho yanawaka na yanatiririka machozi, nikawa najidondoshea. Mama mkwe naye ana jicho linamtoka machozi miaka, akasema nitilie na mimi mwanangu. Macho sita kachupa kamoja, miezi miwili.

Aliyetushtua ni sista wa kliniki, tulipompeleka mtoto chanjo ya wiki ya kumi na nne. Alimwangalia tu usoni akamuuliza mke wangu, hili jicho limeanza lini, mbona shavu lina mchirizi? Mke wangu akaeleza. Sista akasema nendeni kwa daktari wa macho, msiseme litapona lenyewe wakati hamjui ni nini. Halafu akaongeza kitu ambacho nawaambia wazazi wote ninaokutana nao: ingekuwa matongotongo mazito yameanza siku za kwanza kabisa baada ya kuzaliwa, na macho yamevimba, hiyo isingekuwa ya kusubiri hata kesho, maana mtoto anaweza kuokota wadudu wa kisonono au klamidia wakati wa kupita njia ya uzazi, na kisonono kinaweza kuharibu jicho ndani ya siku chache tu. Ile dawa ya tyubu wanayopakwa wakizaliwa ni kwa ajili ya hiyo.

Dokta wa macho alikuwa mama mtu mzima, mpole, anaongea taratibu kama anapima kila neno. Akauliza maswali ambayo mi niliyaona ya ajabu. Akiwa juani anafumba macho kwa nguvu? Hapana. Jicho moja limekua kubwa kuliko lingine? Hapana. Kile kioo cha mbele cha jicho umewahi kukiona kina ukungu? Hapana. Akachukua tochi akaangalia mwenyewe. Nilikuja kuelewa kwamba alikuwa anaondoa jambo baya kwanza, maana kuna watoto wanazaliwa na presha ya macho, wanatoa machozi hivi hivi, wanachukia mwanga, jicho linavimba linakuwa kubwa la kupendeza watu wanasifia mtoto ana macho mazuri kumbe anapofuka. Hiyo ndo ya kukimbilia hospitali, na inaanza na chozi lile lile.

Kisha akamdondoshea tone moja la dawa ya rangi kila jicho, rangi ya njano inayoelekea machungwa, akasema tusubiri dakika tano, msimfute ndani ya jicho. Tukakaa. Baada ya dakika tano akawasha taa ya bluu. La kulia lilikuwa limebaki safi, rangi imeshaondoka. La kushoto linang'aa kijani kama taa ya bodaboda, rangi yote imejaa pale pale.

"Umeona baba? La kulia limemeza, la kushoto limekataa kumeza."

Aisee. Nilikaa na ile sentensi mpaka nikajicheka. Ukiingia kwenye nyumba ukakuta sinki limejaa linamwagikia sakafuni hufungui koki kuitengeneza, unainama chini. Mtu hata awe amefundishwa kazi wiki moja anajua hilo. Mi nimeacha chini nahangaika na koki.

Akanichorea kwenye karatasi, na mchoro wake ninao mpaka leo kwenye boksi la spana. Machozi yanatengenezwa juu, kwenye tezi iliyojificha juu ya jicho upande wa nje, kule kuelekea sikioni. Yanashuka juu ya jicho, kope ukizipepesa zinayasambaza kama waipa ya gari, afu zinayasukuma kuelekea pembe ya ndani, upande wa pua. Pale kuna vitundu viwili, kimoja kope ya juu kimoja kope ya chini. Nenda kwenye kioo sasa hivi, vuta kope ya chini kidogo pale karibu na pua, utaona kadoti kama kamechomwa na sindano, hakafiki hata nusu milimita. Hiyo ndo drenji yako. Nimeishi miaka thelathini na kitu sikujua kama nina tundu usoni. Kutoka kwenye vile vitundu kuna vijibomba vinaingia kwenye kifuko kimelala ubavuni mwa pua, hicho ndo chemba, na kutoka chemba kuna mrija unashuka ndani ya mfupa, kwa mtu mzima ni sentimita moja na nusu hivi, unamwaga ndani ya pua. Ndo maana ukilia kamasi zinatoka, sehemu ya kile unachopenga ni machozi yako mwenyewe yamepita njia ya ndani. Na ndo maana ukiweka dawa ya jicho baada ya muda unasikia uchungu kooni, watu wanadhani dawa imepenya kwenye ubongo, hapana, imepita kwenye drenji ikaingia puani ikateremka.

Tena mfumo wenyewe sio wa maji kujiendea tu kwa mteremko. Kuna pampu. Kila ukipepesa, misuli ya kope inakibana kile kifuko na kukiachia, kikiachiwa kinavuta. Mara kumi na tano hivi kwa dakika, usiku na mchana ukiwa macho, na hujawahi kuisikia hata siku moja inapiga kelele. Pampu ya simtanki mwaka mmoja tu imeshaanza kuguna.

Sasa kwa mtoto, ule mrija unatengenezwa akiwa tumboni na sehemu ya mwisho kabisa kufunguka ni ile ya chini, inapotokea puani. Wengine wanazaliwa pale mwisho bado pana kiutando. Kwenye kazi yetu ukishalaza bomba unaziba mwisho na plagi ili ulipime presha, ukimaliza unatoa plagi. Binti yangu fundi wake alisahau plagi. Maji yanashuka mpaka chini, yanagonga, yanarudi, yanajaa chemba, yanafurikia shavuni, na maji yaliyotuama ndo hayo yanayoota vijidudu yakawa tongotongo. Kwa hiyo antibayotiki inaua wale wadudu siku mbili tatu, unaona nafuu, lakini bwawa bado lipo, wengine wanazaliana. Pale nikaelewa kwanini kachupa kalikuwa kanafanya kazi na kuacha.

Kachupa sasa. Dokta aliuliza mmekuwa mkimpa nini, nikakatoa mfukoni, nilienda nako kabisa nikijua nitasifiwa. Akakasoma kwa muda.

"Hii anaitumia nani?"

"Wote dokta. Mimi, mtoto na bibi yake."

Hakufoka, ingekuwa afadhali angefoka. Akanieleza kwamba ndani yake kuna antibayotiki na kuna kitu kingine kinaitwa deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Steroidi ikiingia jichoni inatuliza wekundu na muwasho haraka sana, unaamka asubuhi unaona umepona, ndo maana watu wanairudia. Lakini ukiitumia wiki kwa wiki bila mtu kukupima inaweza kupandisha presha ya jicho, na presha ya jicho haiumi, inaua mshipa wa kuonea kimya kimya, inaweza kuleta mtoto wa jicho, na kama ndani kuna fangasi au virusi umeviandalia kitanda na shuka. Afu ukiacha hiyo, dawa ya macho ikishafunguliwa mwisho wake ni wiki nne hivi, yetu ilikuwa mwezi wa tatu, na mdomo wa chupa ulikuwa unagusa kope za mtu mzima halafu unakwenda kwa mtoto. Akaitupa kwenye ndoo mbele yangu, akasema mimi na bibi nasi tuje kupimwa presha ya macho. Nikatamani niingie kwenye ile ndoo.

Kuhusu maziwa ya mama nilimuuliza kwa sauti ndogo maana mke wangu alikuwepo na sikutaka mama yake aonekane mjinga. Dokta akasema maziwa ni chakula kizuri sana cha mtoto, yaende mdomoni. Jichoni hayazibui kiutando, na drenji ikiwa imeziba nayo yanatuama kama machozi.

Tiba aliyotupa iliniangusha. Nilitegemea dawa kali. Akasema tutamkanda. Kucha fupi, mikono iosheke, weka ncha ya kidole pale kati ya pembe ya jicho na pua, kandamiza mpaka usikie umegusa mfupa, halafu teremsha kidole kuelekea chini kufuata pua. Mara tano mpaka kumi, rudia mara tatu nne kwa siku, wakati ananyonya ndo rahisi. Maana yake unakikamua kifuko ili maji yateremke kwa nguvu yagonge kile kiutando mpaka kipasuke. Ni mpira wa kuzibulia sinki, hakuna kingine! Usiku nikawa nasoma kwenye simu nikaona njia hii ilielezwa na daktari mmoja Mmarekani anaitwa Crigler mwaka 1923, karne nzima na bado hawajapata ya kuizidi. Tongotongo tufute na pamba safi iliyoloweshwa kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, pamba moja mfuto mmoja, unatupa. Matone ya antibayotiki, ya kwake peke yake, akatuandikia ya kutumia kama zitazidi kuwa nyingi. Basi. Akasema watoto tisa katika kumi wenye shida hii wanafunguka wenyewe kabla ya kutimiza mwaka, tukutane baada ya miezi mitatu, isipokuwa ukiona pale kwenye pembe pamevimba, pekundu, pana joto, anapiga kelele ukimgusa, au ana homa, usisubiri tarehe, hilo ni jipu la kile kifuko na kwa mtoto mdogo ni dharura.

Nitasema ukweli, miezi mitatu ya kwanza tulikanda vibaya. Mke wangu alikuwa anaogopa kumuumiza akawa anapapasa tu kama anampaka mafuta, na mimi nilikuwa nakanda kope yenyewe, nasugua juu ya jicho. Tuliporudi dokta akasema nionyesheni, tukaonyesha, akatabasamu, akachukua kidole changu akakibonyezea pale pale kwenye pua yangu mimi. "Hivi baba." Kumbe inatakiwa nguvu kidogo, unasikia kabisa. Kuanzia hapo ukikandamiza unaona uchafu unarudi juu kupitia kile kitundu, unajua umekamata chemba yenyewe.

Katikati ya hayo saiti wakajua, maana niliomba ruhusa mara mbili, na mafundi ukiwapa stori hawaachi. Mmoja akauliza sasa mtoto akilia sana machozi si yanaisha? Hayaishi, tezi inatengeneza kutokana na maji ya mwilini, labda uwe umeishiwa maji mwili mzima, na mtoto anayeharisha akilia bila chozi hiyo ni dalili ya kumkimbiza hospitali. Mwingine akauliza kitunguu. Kitunguu ukikikata kinatoa gesi, ikifika jichoni jicho linajiosha, hayo ni machozi ya kujihami, yapo ya aina hiyo, yapo ya kulainisha muda wote, na yapo ya uchungu wa moyo, yote drenji yake moja. Drenji ni ndogo, imejengwa kwa ajili ya yale ya kulainisha tu, ukipata msiba inazidiwa ndo yanashuka mashavuni hata kama haijaziba.

Kuna mwashi mmoja, jamaa wa makamo, yeye hakuuliza hapo mbele za watu, alinifuata wakati wa chai. Jicho lake lilimwaga machozi toka apate ajali ya pikipiki, aligonga pua, akafuta kwa kitambaa miaka minne watu wanamtania analilia mke aliyemkimbia. Nikamwambia nenda kapimwe. Alienda, wakamchoma maji ya chumvi kwenye kile kitundu kwa kasindano butu, mtu aliye sawa anasikia chumvi kooni, yeye maji yalirudi yote jichoni. Kwa mtu mzima kukanda hakusaidii na kuzibua mrija kwa kupitisha kawaya kembamba peke yake mara nyingi hakutoshi, kwa sababu pale sio kiutando tena, ni mrija wenyewe umebanwa au umekuwa kovu. Wanachofanya wanatoboa kadirisha kwenye mfupa kati ya kifuko na pua, machozi yapite njia mpya. Nikamwambia hiyo ni baipasi kaka, bomba la zamani unaliacha humo humo ukutani unalaza jipya. Na wala sio ufundi wa juzi, Mtaliano anaitwa Addeo Toti aliieleza mwaka 1904.

Mama mkwe ndo alinifundisha kwamba chozi linadanganya. Tulipompeleka kupimwa presha ya macho, ikawa sawa, dokta akageuza kope yake ya juu, akakaa kimya, akaniita nione. Ndani ya kope kulikuwa na makovu meupe kama michirizi, na nywele za kope zimegeukia ndani, zinakwangua kioo cha jicho kila akipepesa. Vikope. Trakoma. Yeye amekulia Kongwa, enzi zao maji ya kuchota mbali, nzi, watoto wanafutwa nyuso na khanga moja, na vikope vinapita hapo hapo, kwenye mikono, nguo na nzi, mtoto anaambukizwa na kuambukizwa tena mpaka kope inakuwa na kovu, na ukubwani lile kovu linaivuta kope igeuke. Wanawake wanaumia zaidi maana ndo wanaoshinda na watoto.

Kumbe miaka yote alikuwa anazing'oa mwenyewe. Alikuwa na kale kakibano cha chuma kamefungwa kwenye pindo la khanga, nilishakaona mara nyingi nikajua ka kutolea miiba. Anazing'oa, anapata nafuu wiki mbili tatu, zinaota tena fupi na ngumu kama ndevu za siku mbili, zinachoma kuliko za kwanza. Nikamuuliza mama mbona hukusema? Akasema, "Baba, mama yangu alikuwa anang'oa, dada zangu wanang'oa, ningesema nini?"

Yule drenji yake ilikuwa nzima. Maji yalikuwa mengi kweli, kwa sababu jicho linakwaruzwa mchana kutwa linajiosha. Na mimi nilikuwa namtilia steroidi. Alifanyiwa operesheni ndogo ya kope kwa sindano ya ganzi, zikageuzwa zikatazama nje, akatoka siku hiyo hiyo. Akanywa na vidonge vya azithromaisini, ile ile wanayogawaga vijijini kwenye kampeni ya vikope. Kovu dogo kwenye kioo limebaki, haoni vizuri sana upande huo, hilo halirudi. Kakibano alikatoa mwenyewe akampa mke wangu, akasema katumike kutolea miiba.

Mimi yangu ilikuwa ya aibu kidogo. Nilijua nina maradhi makubwa, dokta akaniambia macho yako ni makavu. Nikamwambia dokta yanatiririka, akasema ndiyo, kwa sababu ni makavu. Machozi yana tabaka, kuna mafuta juu kutoka kwenye vitezi vya ukingo wa kope, maji katikati, na ute chini unaoyashikiza kwenye jicho. Mafuta yakiwa mabovu maji yanakauka haraka, jicho linawaka, tezi kubwa inashtuka inamwaga maji mengi kwa mkupuo, yanafurika, sekunde chache yamekauka tena. Hapa Dodoma upepo mkavu, vumbi jekundu, gundi ya PVC ninainusa kutwa nzima, na usiku nakodolea simu bila kupepesa. Akanipa matone ya machozi bandia, kitambaa cha uvuguvugu juu ya kope jioni, na miwani ya saiti ambayo nilikuwa nayo kwenye begi miaka mitatu haijafunguliwa kwenye nailoni. Akanionyesha na jinsi ya kuweka dawa: tone moja linatosha, jicho lenyewe halina nafasi ya hata hilo tone moja zima, la pili linashuka shavuni na hela yako. Ukishaweka fumba, bonyeza ile pembe ya ndani dakika mbili, unaziba drenji, dawa inabaki jichoni badala ya kuteremkia puani na kuingia kwenye damu. Wale wenye dawa za presha ya macho kama timololi ndo walishike sana hili, hasa mwenye pumu au moyo, maana ile ikiingia kwenye damu inaweza kubana kifua na kupunguza mapigo.

Turudi kwa binti. Miezi ikaenda, tisa, kumi, kumi na moja, jicho limepungua lakini halijaacha. Mke wangu alikuwa na ile hesabu ya tisa katika kumi kichwani, kila mwezi anasema labda huu, na mi nilikuwa nakanda mpaka kidole kimeshajua njia chenyewe gizani. Mwaka ukatimia, tukawa ndo wale wa kumi. Dokta akasema sasa tumzibue. Nikauliza kwa nini hatukufanya toka mwanzo, akasema kwa sababu wengi wangelazwa na kupewa nusu kaputi bure kwa kitu ambacho kingefunguka chenyewe, na kungoja mpaka miaka mingi nako sio kuzuri.

Alikuwa na mwezi wa kumi na tatu. Asubuhi hiyo hakutakiwa kunyonya masaa manne kabla, na nikuambie masaa manne ya mtoto mwenye njaa anayemwona mama yake mbele yake ni marefu kuliko zamu ya usiku. Mke wangu akatoka nje kabisa asimnusie maziwa. Kabla hawajamchukua niliomba nione wanachotumia. Dokta alinionyesha, kawaya kembamba ka chuma, ncha butu, kanapita kwenye kile kitundu, kanaingia kwenye kifuko, kanageuzwa kuelekea chini kanashuka mpaka puani, kiutando kinatoboka. Nikamwambia dokta hii mimi ninayo ya mita kumi na tano. Akacheka, nadhani alidhani natania kwa woga, na ni kweli nilikuwa na woga, nusu kaputi kwa mtoto mdogo hakuna mzazi anayeizoea. Akasema mara nyingi mara moja inatosha, ikigoma kuna kuweka kamrija kembamba ka silikoni kakae miezi kadhaa kashikilie njia.

Walikuwa naye ndani muda mfupi kuliko tulivyokaa kujaza fomu. Akatoka analia, puani ana kadamu kidogo ambako walishatuambia tusishtuke, akapewa ziwa, akalala. Jioni tukawa nyumbani. Siku tatu za mwanzo jicho bado lilikuwa na unyevu, mke wangu hakusema kitu lakini nilimwona kila baada ya nusu saa anamgeuza mtoto upande wa dirishani.

Tulirudi wiki ya pili. Dokta akadondosha ile ile rangi ya njano, kila jicho tone moja, tusubiri dakika tano. Safari hii ameshajua kukataa, alipinda mgongo kama upinde akapiga kelele kliniki nzima ikageuka, nikamchukua nikambeba begani nikawa namzungusha. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, lile la kanisani. Akalia, akavuta pumzi, akapiga chafya. Dokta akaja na tochi yake ya bluu, badala ya kuangalia jicho akaangalia bega langu, akaanza kucheka, akamwita na sista aje aone. Kamasi lote lilikuwa la njano, linang'aa kijani kwenye ile taa.

Shati alilifua mama mkwe jioni ile ile, doa likatoka mara ya kwanza.